Sababu ya Kusimama

Idrisa alikuwa na duka la ndoo na mabeseni mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mzigo wa wateja wake wa Mahenge aliupeleka mwenyewe, ingawa dereva alikuwepo. Siri yake ilikuwa perege wa kukaanga wa Siti.

Siti alikuwa na kibanda cha chakula penye foleni ya pantoni, ukingoni mwa Mto Kilombero. Magari yalingoja, watu wakala, na Idrisa, aliyefiwa na mkewe na kuzoea ukimya, pale alipata maneno. Lile alilokusudia hakulisema. Pantoni ikifika, alinawa, akaondoka.

Daraja lilipofunguliwa alishangilia kama wengine. Akavuka, na kabla hajakaa sawa kitini yuko ng'ambo. Aliporudi alikuta kibanda kimefungwa. Akauliza, wakamwambia Siti amehama. Namba yake ya simu hakuwahi kuiomba.

Dukani akawa mtu wa kuitwa mara mbili.

"Jirani, una nini?" aliuliza Candida, mwenye duka la vitenge la pembeni.

"Foleni ya pantoni imeisha."

"Na wewe unaililia foleni?"

Idrisa akageukia ndoo zake.

Asubuhi moja, katikati ya mikokoteni na kelele za wabeba mizigo, Siti alisimama mlangoni, jasho likimtoka.

"Ulisema Narung'ombe, Bwana Idrisa. Hukusema ni ndefu hivi. Nimeuliza duka kwa duka."

Idrisa akampisha kiti. Candida akaleta chai bila kuagizwa.

"Wasafiri hawasimami tena," Siti alieleza. "Nimepanga fremu ya duka Lupiro, ng'ambo ya mto, niuze vyombo. Sasa mzigo wa Dar unafika bila kulala njiani."

Idrisa alimchagulia mabeseni mazito, moja moja. Yalipofungwa, akasema, "Nitakuletea mwenyewe."

"Siku hizi watu wanapita tu."

"Mimi nitasimama."

"Ufanye nini? Perege siuzi tena."

"Nikuulize kama utakubali nikuoe."

Candida akaacha kukunja vitenge. Siti aliweka kikombe chini, akatabasamu.

"Njoo Ijumaa, kaka yangu Mrisho atakuwepo. Maneno kama hayo hayasemwi katikati ya mabeseni."

Ijumaa Idrisa alivuka daraja na mzigo nyuma, kanzu mpya mwilini. Mrisho alimpokea barazani, akamkaribisha ndani. Jikoni, Siti alikuwa anakaanga samaki.