Mbegu ya Mchuzi

Mama mkwe wangu huwasha moto kabla ya kunawa uso. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoingia jikoni nikakuta jiko baridi, na yeye amekaa juu ya kigoda, mikono mapajani, nilidhani tumefiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. Alikuwa akitazama kibakuli kilichokuwa sakafuni mbele yake, kitupu, kimekombwa mpaka kinang'aa.

Kile kilikuwa kibakuli cha mbegu.

Katika mkahawa wetu hakuna mchuzi unaoanza na sufuria tupu. Kila jioni, kabla sufuria kubwa haijaoshwa, mama huchota kibakuli kimoja cha mchuzi wa siku hiyo, akauchemsha tena, akauweka kwenye rafu ya nyuma penye ubaridi. Kesho yake, vitunguu vikishaiva na nyama ikishatoa maji yake, kile kibakuli humiminwa ndani. Hiyo ndiyo mbegu. Mchuzi wa leo una wa jana ndani yake, na wa jana una wa juzi, kurudi nyuma hadi kwa mama yake mama, aliyempa binti yake mbegu siku ya kuolewa. Wateja wa zamani husema ukila kwetu umekula na waliotangulia. Nilipoletwa hapa bibi harusi nilicheka kusikia hivyo. Nikaonja. Nikaacha kucheka.

"Nani kala, mama?"

"Mjukuu wangu."

Binti yangu, tunayemwita Kijino kwa sababu ya jino lake la kwanza lililokaa peke yake muda mrefu kama mgeni asiyejua kuaga, alikuwa na homa tangu mwanzo wa wiki. Uji alitema. Maziwa alitema. Jana jioni nilimwachia bibi yake nikaenda kwenye masomo yangu ya jioni, mwili darasani, roho nyumbani. Niliporudi nilimkuta amelala, jasho limemtoka, homa imeshuka. Nilimshukuru Mungu, sikuuliza imeshuka vipi.

"Alisikia harufu nilipokuwa nachemsha," mama alisema. "Akanyoosha mkono. Wiki nzima hajanyoosha mkono kwa chakula. Nikampa kijiko kimoja. Akafungua mdomo. Nikasema nitabakiza. Kila nikisema nitabakiza, anafungua mdomo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Na sufuria kubwa?"

"Nilishaiosha."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kulia, na vyote viwili havikuwa na nafasi, maana ilikuwa siku ambayo Bwana Kijiko anakuja.

Bwana Kijiko ndiye mtu anayewatembeza wageni mjini kula vyakula vya asili. Hutembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, ndipo lilipotoka jina. Mkahawa anaoupenda huuingiza katika mzunguko wake, na kila wiki huuletea watu. Tangu pale ng'ambo ya barabara pafunguliwe duka la kuku wa kukaanga lenye taa za rangi, meza zetu zilikuwa zinakaliwa na inzi zaidi ya watu, na mwenye nyumba alishatuambia wazi: mwisho wa mwezi chumba anampa fundi simu, labda aone wateja wamerudi. Bwana Kijiko alikuwa ndiye tumaini letu. Na alichokuwa anakuja kukiona, akipige picha za video, ni mbegu ikimiminwa.

"Tupike mpya," nilisema. "Tuutie kwenye kibakuli. Nani atajua?"

Mama aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mdomo huu ndio ninaoonjea. Niutumie na kudanganyia?"

Nikawasha moto ili mikono yangu iwe na kazi. Kisha nikasema lile neno ambalo halisemwi jikoni mle.

"Wifi anayo."

"Usimtaje."

"Mama, mbegu yake ni hii hii. Ulimpa wewe mwenyewe siku ya harusi yake."

"Nimesema usimtaje."

Wifi yangu, binti yake wa pekee, alifungua kibanda chake cha chakula kule kwenye gereji. Watu wakaanza kusema mchuzi wa binti umekaribia wa mama, na wengine, wasiojua kufunga mdomo, wakasema umeupita. Siku moja mkahawa umejaa, mteja mmoja akarudia maneno hayo. Mama akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Ule ni bandia. Mbegu niliyompa ilishakufa, anawauzia rangi." Hakujua wifi amesimama mlangoni, amemletea kitenge. Wifi alikiweka kile kitenge juu ya meza ya karibu, akageuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile, hata msibani wanakaa pembe mbalimbali, na mimi ndiye ninayebeba salamu zisizotumwa.

Nilifunga kanga yangu vizuri. "Naenda dukani, mama. Pilipili manga imekwisha."

Pilipili manga ilikuwa imejaa kopo, na kopo lilikuwa mbele ya macho yake. Alilitazama. Akainuka taratibu, akafungua kabati la chini, akatoa kibakuli cha bati chenye mfuniko wa maua ya buluu ambacho sikuwahi kukiona kikitumika.

"Dukani hawafungi vizuri," alisema. "Chukua hiki."

Nilikichukua. Sikuthubutu kucheka.

Kule gereji, wifi alikuwa akiwamiminia mafundi chai huku akiwatukana kwa upendo. "We mwenye mikono ya grisi, ukishika mkate wangu tena nitakupaka kwenye gari!" Aliponiona alisimamisha birika hewani.

"Ehe. Mke wa kaka. Umetumwa au umejituma?"

"Nimekuja tu kukusalimia, wifi."

"Na bakuli? Salamu zangu utazibeba na mfuniko?"

Mafundi wakacheka. Nikamvuta pembeni, nyuma ya matairi, nikamweleza yote kwa haraka: homa, kijiko, kibakuli kilichokombwa, Bwana Kijiko anayekuja kabla ya chakula cha mchana. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. Kisha, sauti ikashuka: "Kijino amekula lakini?"

"Amekula chote."

"Na leo?"

"Ameamka anaomba."

Alikaribia kutabasamu, akajizuia. "Basi. Mtoto kapona, mshukuruni Mungu. Mchuzi sitoi."

"Wifi!"

"Wifi nini? Mimi si nauza rangi? Atampikiaje mgeni wake kwa rangi?" Akalipiga tairi teke. "Mwambie hivi. Alinivunjia heshima mbele za watu, basi anirudishie mbele za watu. Aseme mbele ya huyo huyo mgeni wake kwamba mbegu yangu ni ya kweli. Asiposema, sitoi tone."

"Mama hawezi kusema hivyo mbele ya mgeni. Mgeni atatukimbia."

"Basi aalike mgeni asiyekimbia." Akanipokonya kibakuli kutoka mkononi, na hapo ndipo alipokiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akaupapasa mfuniko. "Hiki umekitoa wapi?"

"Kabatini. Kuna nini?"

"Ndicho nilichobebea mbegu siku ya harusi yangu. Nilikirudisha ili awe ananijazia kila mwaka, kama mama yake alivyomjazia. Hajawahi." Alinitazama kwa ukali. "Umekichukua mwenyewe?"

"Kanipa yeye. Kwa mkono wake."

Fundi mmoja alipiga kelele akitaka sukari; wifi hakumsikia. Alikibana kibakuli kwapani kama mtu aliyeokota chake. "Nenda," akasema. "Kitupu hiki ni changu, kinabaki. Nenda, mgeni wenu asikute jikoni hamna mtu."

Nilirudi mikono mitupu, jua limeshapanda, kisigino cha kiatu kikinipiga kama kinanicheka. Njiani niliomba Bwana Kijiko apate pancha. Mungu ana mambo mengi. Bwana Kijiko hakupata pancha.

Nilimkuta amekaa jikoni kabisa, kamera yake imesimama juu ya miguu mitatu, ikilitazama jiko. Mama alikuwa amemwekea chai ya tatu. Nyama ilikuwa imeiva, vitunguu vimeyeyuka, sufuria ilikuwa inachemka inasubiri. Kijino alikuwa amekaa juu ya mkeka, mdhaifu bado, macho makubwa, akitafuna ncha ya kanga ya bibi yake.

Mama aliangalia mikono yangu. Nikatikisa kichwa. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa kitambo kifupi hivyo.

"Mama yangu, tunangoja nini?" Bwana Kijiko alisema, akaangalia saa. "Harufu nzuri, moto mzuri. Mimina hiyo mbegu nikupige picha, nina mikahawa mingine miwili ya kwenda."

"Subiri kidogo, baba."

Niliinama sikioni mwake kana kwamba namrekebishia kilemba, nikamnong'oneza sharti la wifi, neno kwa neno. Hakutikisika. Alichukua upawa, akaurudisha. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu, na halikuwa la moto.

Bwana Kijiko hakuwa mjinga. Alishaona kibakuli kikavu kwenye rafu. Alicheka kidogo, akasogeza kiti. "Mama, kama mbegu imeharibika, usijitese. Weka mchuzi wowote humo, umimine. Kamera hainusi. Wageni wangu wanapenda hadithi, ladha wanasahau wakifika hotelini."

Niliona mkono wa mama ukienda kwenye kibakuli. Ukakishika. Nakiri kwamba sehemu moja yangu, ile inayojua mwisho wa mwezi ni lini, ilikuwa inamwambia mimina, mama, mimina tu.

Hapo mlango wa nyuma ukaingia kiza. Wifi alikuwa amesimama kizingitini, anahema, aproni bado kiunoni, kibakuli chenye maua ya buluu mikononi kimefungwa kwa kitambaa. Hakuingia. Hakusalimia. Alimtazama mama yake, akangoja.

"Huyu nani tena?" Bwana Kijiko aliuliza.

Mchuzi ulichemka, puk, puk, puk. Kijino akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Huyu…" mama alianza. Akakohoa. Akakiweka chini kibakuli, akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kushika kitu kisafi. "Huyu ni binti yangu. Baba, nisikilize vizuri, na hiyo kamera yako isikilize. Mbegu yangu haiko. Nimemlisha mjukuu, na akitaka tena nitamlisha tena. Mbegu iliyo hai ni ya huyu. Niliwaambia watu ni bandia. Si bandia. Ni ya mama yangu, na ya mama yake. Nilisema vile kwa sababu niliuonja mchuzi wake nikaona ni mzuri kuliko wangu, nikashindwa kulala."

Wifi bado hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini kidevu kilikuwa juu.

"Kuliko wako?" aliuliza. "Hilo sikuliomba."

"Najua hukuliomba. Ingia basi, mchuzi unaungua!"

"Hauungui. Moto wako mdogo. Siku zote moto wako mdogo, mama." Akaingia, akamsukuma mama yake kwa nyonga kama mtu anayepita jikoni kwake, akafungua kitambaa. Mama akashika upande mmoja wa kibakuli, wifi upande wa pili, na mbegu ikaingia, nyekundu, nzito, ikazama, ikapanda. Harufu ikabadilika. Hata mimi ambaye nimeizoea nilifumba macho.

Bwana Kijiko alisahau kuwa na haraka. Alitoa kijiko mfukoni, akaonja, akaonja tena.

"Na hicho kibanda chako kiko wapi, dada?"

"Gereji. Kati ya matairi. Wageni wako wa hotelini watachafuka."

"Watachafuka," alikubali. Akafikiri, akikuna shingo kwa kile kijiko. "Siwezi kuwaambia hadithi niliyokuja nayo. Nitawaambia hii. Jumamosi nitakuja na watu. Nitaanzia wapi?"

"Kwake," mama alisema.

"Kwa mama," wifi alisema, wakati ule ule.

"Mimi ndiye mkubwa, nimesema kwako!"

"Na mimi ndiye mwenye mbegu, nimesema hapa!"

"Haya, wanaanza," nilimwambia Bwana Kijiko. "Maliza chai yako, tutakupigia simu."

Alipoondoka na kamera yake, mama alichota kutoka sufuria kubwa. Alijaza kibakuli cha rafuni. Kisha akakijaza kile chenye maua ya buluu, mpaka juu, akakifunika, akamwekea bintiye mbele. Wifi akakifunga kwa kitambaa, akatumia muda mrefu mno kwenye fundo lile moja.

Nikageuka kutafuta upawa. Nilipogeuka tena, Kijino alikuwa ametoka kwenye mkeka, amejikokota mpaka chini ya rafu, mkono mmoja umeshafika kwenye kibakuli cha mbegu, mdomo wazi, lile jino linang'aa.

Tukamtazama wote watatu.

"Mpe," mama alisema.

"Kijiko kimoja!" wifi akapiga kelele. "Kimoja tu, mama, nakuona!"