Shati la Gille

Beathag Urquhart alilishika lile shati kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa, akaliinua mbele ya dirisha la duka lake. Mikono mipana ya kupwaya. Kola hakuna. Kifuani, badala ya vifungo vya watu wenye heshima zao, palikuwa na mkato mrefu na kamba ya ngozi iliyopitishwa kwenye matundu, kulia kushoto, kulia kushoto.

"Hiki nini?"

"Shati, Mama," alisema binti yake, Oighrig. "Shati la Donnie la harusi."

"La harusi? Nilidhani anakwenda kuteka meli."

"Mama, usianze."

Lakini Beathag alikuwa ameshaanza zamani. Miaka arubaini alikuwa fundi wa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskochi, hapo Balnafearn, na fundi kweli, si hawa wa kugandisha marinda kwa mashine. Yadi nane za sufu alizikunja kwa mkono, rinda baada ya rinda, na mwanaume akitoka dukani kwake amevaa kilti yake, hata mwendo unabadilika. Halafu siku hizi wanakuja vijana na shati la kamba, eti ndilo walilovaa mababu. Mababu gani! Mababu walikuwa na shati refu la kufika magotini, la kupitishia kichwani, wakilivaa mchana na kulala nalo usiku. Hiyo kamba na matundu yake ni ujanja wa juzi wa wauza maduka. Kila aliyemletea upuuzi huo Beathag alimuuliza swali moja tu: "Na kile kitambaa cheusi cha jichoni, utavaa jicho la kulia au la kushoto?" Kisha akamwonyesha mlango.

Sasa upuuzi wenyewe ulikuwa umeingia nyumbani kwake, na harusi ni Jumamosi.

"Sikiliza," alisema. "Kilti ya baba yako niliishona mimi nikiwa mchumba. Donnie akiitaka, ataivaa na koti jeusi la baba yako, lenye vifungo vya fedha, na kola, na tai. La sivyo, ivaliwe na nondo kabatini."

"Atakufa na tai shingoni basi, ili wewe usichekwe na shoga yako Grizel."

"Adabu, Oighrig!"

"Haya. Kama hutaki, tutafunga ndoa Inverness kwa msajili, Alhamisi. Mashahidi wawili, basi. Na wewe si mmoja wao."

Oighrig hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Alikuwa mtoto pekee, aliyezaliwa Beathag akiwa na miaka arubaini na moja na ameshakata tamaa, na Beathag hakuwa na mtu mwingine duniani. Lakini ulimi wake ulikuwa na kazi yake. "Mlete huyo haramia nimpime," alisema. "Akiliona koti mwenyewe atatia akili."

Ukweli ni kwamba hata bila shati Donnie hakumpendeza. Mtu gani huyo, kazi yake kuwapigia makasia matajiri mtoni, kuwashikia wavu, kuwamiminia wiski na kuwasifia samaki wa salmoni ambao yeye ndiye aliyewaonyesha walipo? Beathag alitaka mkwe wa kulingana na marehemu mumewe. Picha ya marehemu ilitundikwa ukutani hapo dukani: Eachann ndani ya koti jeusi, kando yake Bwana Mkubwa mwenye mto na milima yote, na katikati yao samaki wa kutisha. "Walikuwa chanda na pete," Beathag aliwaambia wateja. "Na vifungo hivyo mnavyoviona ni fedha tupu, ni vya ukoo." Grizel Dalrymple, mjane wa meneja wa benki, aliyehamia Balnafearn akiwa ameinua pua, alipoisikia habari hiyo ndipo alipoanza kumkaribisha chai.

Donnie alikuja kesho yake, akapiga goti mara mbili tatu kwa utani mbele ya Beathag, lakini hakuchekewa. Alipovaa kilti, ilikataa kufunga kwa inchi mbili.

"Eachann hakuwa na kitambi," alisema Beathag, pini mdomoni.

"Eachann hakuwa akila keki za Oighrig, Mama."

"Vaa koti."

Alilivaa. Lilimkaa vizuri mabegani, na Beathag akaanza kutabasamu. Donnie akakishika kifungo cha juu, akakiinamia. Kilikuwa na mchoro wa mkono ulioshika ufunguo. Utani ukamwisha usoni.

"Mama, hivi vifungo umevipata wapi?"

"Ni vya ukoo wa marehemu."

"Mimi ninavyo sita nyumbani. Viko kwenye koti langu la kazi." Alisema polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu. "Ni alama ya Bwana Mkubwa. Watumishi wote wa mtoni tunapewa. Na si fedha, Mama, ni bati. Umevisugua mpaka vimejisahau."

Beathag alisikia joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. "Wewe! Wewe uliyeleta shati hata jina lake hulijui, ndiye wa kunifundisha? Soma hapo kwenye lebo! Shati la gille! Gille ni mtumishi, bwege wee! Unajishaua na shati la mtumishi ukidhani ni la chifu!"

"Najua maana yake," alisema Donnie, akilivua koti. "Ndiyo maana nimelinunua. Labda ni la kubuniwa, labda ni baya, sibishi. Ila gille ni mimi. Jina hilo ni langu, na silionei haya. Lakini alama ya tajiri naivaa siku sita kwa wiki. Siku ya harusi yangu sitaivaa."

"Toka dukani kwangu."

Alitoka. Kilti aliiacha mezani, ameikunja marinda yakilala kama inavyotakiwa, jambo ambalo wanaume wengi hawaliwezi.

Beathag akabaki na koti mapajani. Alikuwa akijua. Loo, alikuwa akijua siku zote! Miaka thelathini na moja Eachann hakukubali koti lile livuke kizingiti cha nyumba yao. Alilitundika kwenye msumari katika banda la kuni, akaingia na shati tu, kola ameing'oa, kifua wazi, akajitupa kitini na kusema, "Haya, sasa napumua." Ni Beathag aliyeliingiza koti ndani, wiki moja baada ya mazishi, na kuanza kusugua.

Alisonya, akajisonya mwenyewe. Kisha akachukua mkasi, akazifumua bizimu za kilti, akazisogeza inchi mbili. Alipompa Oighrig, alimkata jicho: "Usinishukuru. Shati bado ni takataka."

Jumamosi mlangoni pa kanisa watu walikuwa wameshajaa, na Grizel Dalrymple, na kofia yake, alikuwa wa mbele. Donnie alipotokea na shati lake la kamba, Grizel alibetua midomo na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Beathag, shoga yangu, pole! Hilo si shati la watumishi? Marehemu Eachann, rafiki wa Bwana Mkubwa, angesemaje?"

Watu waligeuka kumtazama Beathag. Oighrig alikuwa ameshuka garini, shada mkononi, rangi imemtoka. Ilikuwa rahisi kucheka na Grizel. Neno moja tu la dharau lingetosha, na Beathag alikuwa nayo ya kumwaga.

Aliimwaga. "Eachann alikuwa gille, Grizel," alisema. "Alimpigia Bwana Mkubwa makasia na kumvua viatu vyenye tope. Vifungo ninavyokuringia miaka yote ni vya bwana wake, na ni bati. Chai yako ukitaka nikurudishie, sema."

Grizel akanywea. Mtu nyuma alikohoa.

Beathag akamwendea Donnie. Kijana alikuwa ameikaza kamba mpaka kooni kwa woga, uso mwekundu.

"Inama," alimwambia. "Mungu wangu, shati baya hili."

Donnie aliinama. Beathag akalishika fundo, akalifungua, akailegeza kamba tundu baada ya tundu mpaka kifua kikaonekana.

"Haya," alisema. "Pumua."