Shati la Angelo Halichomwi

Mwaka ule wa sabini na tisa, Ayivu nzima, vijiji vya kando ya mji wa Arua, ilinuka nguo zilizoungua. Serikali ilikuwa imeanguka, askari wa Tanzania walikuwa njiani kuja Arua, na kila nyumba iliyotoa mwanajeshi ilichoma magwanda yake haraka haraka, kana kwamba mwana hakuwahi kuzaliwa.

Nestor naye alikuja kuchimba shimo la moto uani kwa Candiru, mjane wa kaka yake. Alitaka vitu vyote vya Angelo, mwana wa Candiru: shati la jeshi, mkanda, na picha aliyopigwa Koboko wiki aliyoandikishwa, kofia imemmeza mpaka masikio. Angelo aliuawa upande wa Masaka, hata miaka ishirini hajatimiza. Wenzake waliokimbia walileta shati na mkanda. Mwili ulibaki huko.

Nestor hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa. Alisema aliyekufa hana tena cha kupoteza, walio hai ndio watakaopigwa risasi. Candiru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalitazama lile shimo.

"Shemeji, ongeza," akasema. "Mutoto yangu alikuwa murefu."

Kwao mtu huzikwa nyumbani, karibu na mlango wa mama yake. Asiye na kaburi ni kama hana kwao. Na Candiru alikuwa amechoka kuambiwa anyamaze. Akatandika mkeka, akalilaza shati chali, mikono imenyooshwa, mkanda kiunoni. Picha akaiacha ukutani. Kisha akapiga yowe la msiba lililowafikia hata waliojifanya viziwi. Majirani walichungulia kwanza, halafu wakaja na unga wa muhogo, na waliolia kuliko wote ni wale waliochoma nguo za wana wao. Nestor mwenyewe alifukia, huku akilaani na machozi yakimtoka.

Baada ya siku chache askari waliingia uani. Kijana mmoja wao aliuliza nani kalala pale. Nestor akawahi kujibu kwamba ni bibi kizee, homa ilimchukua.

"Huyu anaogopa," Candiru akasema. "Hapa iko Angelo, mutoto yangu, askari. Nyinyi iliua yeye Masaka. Kama munataka kuua yeye mara ya pili, jembe iko pale."

Nestor akafumba macho. Hakuna aliyeligusa jembe. Yule kijana alivua kofia, akaomba maji ya kunywa.

Candiru akamwonyesha njia ya mtoni kwa kidevu.