Majike Wanapokomaa

Kila asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, fundi wa maabara aliwalaza nzi wa matunda kwa gesi, akawamwaga chini ya hadubini na kuwatenga majike kwa ncha ya brashi. Wengine aliwasaga wakiwa wachanga, bado weupe. Wengine aliwaacha wakomae kwanza. Mkuu wa maabara alitaka kujua jeni zipi huamka jike anapokomaa, na zipi hunyamaza. Nzi hawajui Jumapili, kwa hiyo naye hakuijua.

Wiki kazi hiyo ilipoanza, binti yake wa darasa la kwanza alianza kukua. Asubuhi alimwacha kalala, pengo mdomoni. Jioni alikuta jino limeota na sare inambana kwapani. Bibi mtu alikuwa ameshaachia pindo.

"Amekua," alisema bibi, akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake mtoto alikuwa na kifua na aibu. Mambo ya kike alielezwa na bibi, maana mama alikuwa maabara. Fundi alisimuliwa akiwa bado amesimama, mkoba begani.

Akaenda kuomba ruhusa ya siku moja tu, akae amwone mwanawe akikua. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema hata wanawe walikuwa hivyo hivyo, alikuja kushtuka wameshaoa.

"Lakini majike wakitupita umri, tunaanza upya. Atawatenga nani?"

Akampa pole. Fundi akarudi kwenye brashi yake.

Jioni ile alikuta mwanamke mzima mezani. Yule mwanamke akamsogezea kiti.

"Shikamoo, mama. Umechoka?"

"Marahaba. Nimechoka, mwanangu."

Wakanywa chai kwa adabu, kama wageni. Binti akauliza, "Nilipokuwa mdogo nilipenda nini?" Fundi alifikiri, akafikiri tena, kisha akamtazama bibi. Bibi ndiye aliyejibu.

Majibu ya nzi yalitoka mazuri: jeni za mayai zilikuwa zimeamka kwa kishindo, nyingi za utotoni zimenyamaza. Mkuu akataka kazi irudiwe, safari hii kwa nzi wengi zaidi, akaajiri fundi wa pili.

Ndiyo maana siku hizi mama na binti wanashinda pamoja, bega kwa bega, kila mmoja kainamia hadubini yake. Hawaongei. Ukiongea, hesabu inapotea.