Kitengo cha Kutozima

Ushirika wetu wa asali una idara ya manunuzi, idara ya uhasibu na Kitengo cha Kutozima. Hicho cha mwisho ndicho changu, na ndicho chenye posho nzuri. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba ruta iliyo katika chumba cha nyuma, inayounganisha kwa mtandao mizani za Igalula, Urambo na Ulyankulu na ofisi yetu hapa Isevya, mjini Tabora, haizimwi kamwe.

Chanzo chake ni fundi aliyetoka Dar kuja kuifunga. Aliipanga ikafanya kazi, akasema, "Msiizime mpaka nirudi," akaenda kula. Hakurudi. Miaka imepita na sisi tunatii. Tulinunua jenereta, kisha jenereta ya kusaidia jenereta. Zamu hukabidhiana kwa dua, na Eliasi Nibitanga, mtunza jenereta, ambaye ni Mkatoliki wa Ulyankulu, huongeza ishara ya msalaba ili pasibaki pengo. Meneja wetu, Bwana Majidi, huwaleta wageni wachungulie taa za kijani za ruta dirishani, akiwaambia kwamba Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani bila kutua mzigo. Uongo mtupu, walitua kila kambi, lakini nani ambishie meneja?

Ndipo akaajiriwa Shamimu, fundi wa kompyuta, kwa muda wa majaribio. Aliacha kazi Dar kwa sababu mama yake amelazwa hospitali ya Kitete na hana mtoto mwingine. Akithibitishwa, atakaa Tabora amuuguze. Asipothibitishwa, atarudi Dar kutafuta riziki. Sote tulilijua hilo, na tulimpenda.

"Shikamoo, Baba Shilinde," aliniambia asubuhi moja. "Kwa nini hii ruta haizimwi?"

"Marahaba, mwanangu. Ikizimwa inasahau kila kitu."

"Ina maana hakuna aliyesevu mipangilio yake?"

Nikamjibu kwamba swali hilo halimo kwenye mwongozo wa zamu.

Neno la siri lilikuwa limebandikwa ubavuni mwa ruta tangu enzi za yule fundi. Sisi tulilipangusa vumbi tu. Shamimu akaunganisha kompyuta yake, akaandika amri moja fupi, mipangilio yote ikahifadhiwa ndani ya ruta yenyewe. Akaweka na nakala kwenye flashi, akampelekea Bwana Majidi huku anatabasamu.

"Sasa hata ikizimika, ikiwaka inakumbuka kila kitu," akasema.

Eliasi akatafuta kiti. Mimi nikaanza kuhesabu ada, maana nina watoto wanaosomeshwa na ile ruta.

"Nani kakutuma?" Majidi akauliza.

"Ndiyo kazi yangu, bosi."

"Ruta ina kitengo chake. Futa."

"Nikifuta, siku ikizimika watu wa Ulyankulu wataleta asali na mizani haitasoma."

"Haizimiki. Ndiyo maana kuna kitengo." Akatoa kwenye droo barua ya kumthibitisha kazini, imeshapigwa mhuri, akaiweka mezani karibu na kikombe chake cha chai. "Futa, uchukue hii."

Shamimu aliitazama ile barua mpaka macho yakajaa machozi.

"Sifuti," akasema. Akatoka bila hata kuchukua mkoba wake, ikabidi nimfuate nao mpaka getini.

Juma lililofuata akapanda treni kurudi Dar. Sababu iliyoandikwa ya kutomthibitisha ni kuhatarisha kifaa cha ushirika, na mimi nilisaini kama shahidi. Alipokwisha kuondoka ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu anayejua kufuta.

Haikupita muda, umeme ukakatika mchana kweupe. Jenereta zote mbili ziligoma, kwa kuwa dizeli yake ilikuwa imekwenda kulima shamba la mtu ambaye simtaji, ila ni meneja. Taa za kijani zikafa. Eliasi alilia waziwazi. Umeme uliporudi, ruta ikawaka, na Igalula wakaendelea kupima asali yao pale walipoishia. Bwana Majidi alitupongeza kwa kusimama imara, kisha akaiomba bodi imwajiri mlinzi wa ziada wa kitengo katika nafasi iliyoachwa na Shamimu.

Jumapili nikapita Kitete kumjulia hali mama yake.

"Baba Shilinde, mwanangu alikosa nini huko kwenu?" akaniuliza.

"Aligusa kitu kilichokuwa kinafanya kazi, mama."

"Akakiharibu?"

Niliona haya, nikatazama chandarua. "Hapana. Sasa kinafanya kazi vizuri zaidi."

"Basi mrudisheni," akasema, akajisogeza kitandani nipate pa kukaa.

Nikamwambia siwezi kukaa, nina zamu.