Raba za Kipepeo

Saada binti Ahmadi, ambaye pale mjini Singida wengi walimwita Mama Sultani, alikuwa ameuza viatu vya mtumba sokoni kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mtu anapanga foleni kwa sababu ya kiatu. Foleni zilikuwa mambo ya zamani, enzi za duka la kaya, wakati sabuni inakatwa vipande na ukipata pea ya viatu unashukuru, hata kama vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Sasa biashara ilikuwa imeachiwa. Mwenye mtaji alileta alichotaka, mwenye meza alipanga alichopata, na mnunuzi akawa ndiye anayebembelezwa.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Machi, mwaka wa tisini na tano, alipoona watu wamejipanga kuanzia mlango wa duka la Ranjan Ladha hadi kwenye mashine ya kusaga, alijua moja kwa moja kuwa kuna msiba. Akajitanda khanga vizuri, akasogea, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa mwisho wa mstari ni nani aliyefariki.

"Hakuna aliyefariki," yule mama akamjibu. "Kuna raba."

Ilikuwa raba nyeupe ya turubai, yenye soli nene na kipepeo wa bluu ubavuni. Kampuni moja ya Dar es Salaam ndiyo iliyoitoa, na wakala wake kwa mkoa mzima alikuwa Ranjan. Zilikuwa pea kumi tu. Mtu mmoja, pea moja, shilingi elfu sita. Saada hakupata kitu siku hiyo, lakini alisimama pale mpaka mwisho. Akamwona kijana wa kumi anatoka na boksi lake, na kabla hajavuka barabara, kijana mwingine akamsimamisha, akampa elfu tisa, akaondoka na boksi.

Saada akarudi mezani kwake. Kichwa cha biashara alikirithi kwa baba yake, mtu wa Bagamoyo aliyekuja bara kuuza chumvi, akaoa Mnyaturu na asiione tena pwani. Ile elfu tatu iliyozaliwa kati ya mlango wa duka na upande wa pili wa barabara ilimkosesha raha hadi jioni.

Mwezi wa Aprili Saada alifika dukani mapema, akiwa na wifi yake Rahma na majirani wawili wa Mwankoko aliowaahidi khanga. Wakapata pea nne. Siku ya mnada wa Misigiri, kule Iramba, Saada akapanda gari nazo, akatandika turubai lake karibu na wauza vitunguu, akazipanga pea mbili, na nyingine mbili akaziacha kapuni.

Wa kwanza kufika alikuwa Gasto, fundi baiskeli wa pale Misigiri, kijana aliyependeza kuliko wateja wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mguu wako namba ngapi?"

"Arobaini na mbili." Akakigeuza kile kiatu, akamtazama kipepeo kama anayesoma barua. "Hiki ndicho kinachotesa mjini?"

"Ndicho. Na vimekwisha."

Gasto akatoa elfu kumi bila kubembeleza. Saa sita haikufika, pea zote nne zilikuwa zimekwenda, na njiani kurudi nyumbani Saada alikuwa akiimba peke yake.

Mwezi wa tano akaona foleni inamchelewesha. Akaenda kwa Ranjan katikati ya wiki, duka likiwa tupu, kumwomba amuuzie pea ishirini kwa mkupuo. Ranjan alikuwa mzee wa makamo, mpole, aliyezaliwa Singida na kukisema Kinyaturu vizuri kuliko vijana wengi wa mjini. Baada ya kuamkiana akamkaribisha kwenye stuli. Na pale alipokaa, kupitia mlango wa stoo uliokuwa umeachwa wazi, Saada akaona maboksi ya kipepeo yamepangwa mpaka darini.

"Mzee Ranjan," akasema taratibu, "mbona zipo?"

Ranjan akageuka, akautazama ule mlango, akaona hakuna cha kuficha tena. "Zipo."

"Sasa watu wanapanga foleni ya nini?"

"Kampuni ndiyo imepanga. Kila mwezi nitoe kumi. Nikitoa kumi na moja, wananinyang'anya uwakala. Mimi mwenyewe niliwauliza, kwa nini nisiuze zote? Wakaniambia nikiuza zote, itakuwa raba tu."

Saada akalitafuna hilo neno. "Zamani tulipanga foleni kwa sababu viatu havipo."

"Na leo mnapanga vikiwepo," akasema Ranjan. "Hayo ndiyo mabadiliko, Mama Sultani."

Wote wawili wakacheka, lakini pea ishirini hakupewa.

Mwingine angeichukia ile biashara tangu siku hiyo. Saada aliipenda zaidi. Alifikiri hivi: kama wenye raba wanazificha ili zipande bei, na mimi nikizificha zitapanda mara mbili. Akaacha kwenda Misigiri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipeleka watu kwenye foleni, shangazi, majirani, mpaka mwadhini mstaafu, na kila pea iliyopatikana ikaingia uvunguni mwa kitanda. Gasto alituma salamu mara mbili kwamba bei imefika elfu kumi na tatu. Saada akajibu kwamba hazipo.

"Wifi," Rahma akamwambia siku moja wakifagia chumba, "na wewe umekuwa kampuni?"

"Subiri alizeti ziuzwe. Utaona."

Agosti alizeti zikauzwa, na vitunguu pia, na vijana wa Iramba wakawa na hela. Uvunguni kulikuwa na pea kumi na nane. Saada akazifunga kwenye marobota mawili, akavaa kitenge kipya, akaenda mnadani. Njiani alikuwa ameshanunua kichwani cherehani, mabati ya jiko na viti vya sebuleni.

Gasto alikuja, akaamkia kwa heshima zote, akazitazama zile raba nyeupe na asiinamie hata moja. Miguuni mwake kulikuwa na raba ya kijani yenye soli ya njano. Kipepeo alikuwa yuleyule.

"Mama, pole," akasema. "Nyeupe zimepitwa."

"Zimepitwa lini?"

"Jumamosi."

Ikawa kweli. Jumamosi ile kampuni ilikuwa imetoa rangi mpya, na safari hii pea arobaini kwa mara moja, na Saada, kwa kujiamini, hakujishughulisha hata kwenda kuchungulia. Siku nzima aliuza pea moja, kwa bibi harusi aliyetaka kitu cheupe, tena kwa elfu tano. Alirudi nyumbani na marobota yake na wala hakuimba. Rahma alimpokea mzigo, akaurudisha uvunguni akiuma midomo. Alivumilia hivyo siku mbili. Ya tatu, wakiwa wanapepeta mchele, Rahma akasema polepole, "Zimepitwa Jumamosi," akashindwa kujizuia. Saada akamkazia macho, kisha naye akaanza kucheka, wakacheka mpaka mchele ukamwagika.

Wiki iliyofuata akaja mezani kwake mama mmoja mrefu, aliyevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi. Alijitambulisha kuwa ni Sista Yustina, mwalimu wa chuo cha wauguzi.

"Wanafunzi wangu wana viatu vigumu," akaeleza. "Wakipita wodini ni ko, ko, ko, na mgonjwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Natafuta vyeupe vyenye soli ya mpira. Kumi na saba."

Saada alimwomba arudie idadi. Kisha akampeleka nyumbani, akazitoa zote uvunguni. Sista Yustina akazikunja soli, akazinusa, akaridhika. Halafu akaweka kidole juu ya kipepeo.

"Ila huyu mdudu siwezi kumpeleka wodini."

"Ni kipepeo, sista."

"Kipepeo ni mdudu."

Saada hakubisha zaidi. Walikubaliana elfu sita na mia tano kwa pea, na kipepeo afutwe. Kesho yake yeye na Rahma wakakaa uani na chupa tatu za dawa nyeupe ya viatu, wakawa wanampaka mmoja baada ya mwingine, thelathini na wanne kwa jumla, mara mbili mbili kwa sababu bluu ilikuwa inachungulia. Saada aliona ajabu. Kwa miezi minne alikuwa amemlipia yule kipepeo, na sasa alilipwa kwa kumwondoa. Lakini mkono ulikuwa mwepesi, moyo pia, na walipomaliza, zile raba zikawa zimepangwa juu ya jamvi, safi, hazina majivuno.

Mambo yangeishia hapo, kama kampuni ingekaa kimya. Oktoba likaja lori lake kwa Ranjan, likachukua nyeupe zote zilizobaki stoo, na habari ikatangazwa kwamba nyeupe hazitatengenezwa tena. Haikupita wiki, kijani ikawa ya kila mtu, na nyeupe ikawa ndoto. Gasto akatoka Misigiri hadi mezani kwa Saada.

"Mama, zile nyeupe ziko wapi?"

"Zimevaliwa."

"Na nani?"

"Na wauguzi."

Gasto akafikiri kidogo, akashukuru, akaenda kusimama nje ya lango la hospitali. Hapo akamwona mwanafunzi mmoja, Hana, binti wa Ihanja, ambaye dawa ya kiatu chake ilikuwa imekwanguka na bawa moja la bluu likaonekana. Viatu vya Hana vilikuwa vikubwa kidogo, alivivaa na soksi mbili, na Gasto akaona namba yake ileile. Akamwambia elfu kumi na tano. Hana hakumngoja arudie. Alivivua palepale, akaingia wodini na ndala.

Habari ya elfu kumi na tano ilikimbia bwenini kama moto. Baada ya siku kumi, Sista Yustina alifika sokoni, safari hii hakuanza na salamu ndefu.

"Mama Sultani, nina wanafunzi tisa wanatembea na ndala. Umeniuzia viatu gani?"

Saada alitaka kuomba radhi, lakini uso wa sista nao ulikuwa unapigana na kicheko. Saada alipomaliza kumweleza habari ya lori na ya rangi, Sista Yustina akaketi kwenye kigoda, akajipangusa macho.

"Sasa nifanye nini? Nikileta vingine watauza."

"Hawatauza kama hakuna anayevitaka," akasema Saada. "Twende kwa Ranjan."

Ranjan aliwasikiliza, akakuna kidevu, akasema kuna kiwanda kingine kinachoshona raba nyeupe za shule, imara, hazina alama yoyote wala jina. Hajawahi kuzileta kwa sababu hakuna kijana atakayezitazama.

"Ndizo hizo," akasema Sista Yustina.

Zikaja thelathini kwa bei nafuu, na hakuna aliyewasumbua wauguzi tena. Hana alinunua pea moja, na chenji ya ile elfu kumi na tano akamnunulia mama yake kule Ihanja blanketi.

Siku ya kugawana faida ya mzigo ule, Ranjan alimmiminia Saada chai ya maziwa na kumwambia, "Mimi hawa vipepeo wamenichosha. Wewe unawajua wanunuzi hata kabla wao hawajajijua. Nimewaandikia kampuni. Watu wa Iramba wauzie wewe."

Hivyo ndivyo Desemba Saada alivyopanda gari la Misigiri akiwa wakala mdogo, na boksi kubwa lenye pea ishirini za raba mpya, nyekundu, na karatasi ya maelekezo kutoka Dar: toa sita kwa mwezi. Akatandika turubai. Akapanga sita. Zile kumi na nne zikabaki ndani ya boksi, na kwa kuwa hakuwa na kigoda, akalikalia.

Watu wakaanza kukusanyika, na alipowaona wanasukumana mabega, Saada alisikia utamu fulani kifuani. Alielewa kwa nini kampuni inafanya hivyo.

Gasto akapenya mbele akiwa na msichana mwembamba mwenye aibu. "Shikamoo, mama. Huyu ni mchumba wangu, Kudra. Tunaoana mwezi ujao, tunataka zinazofanana. Yangu hii hapa. Yake thelathini na saba."

Saada akatazama zile sita. Thelathini na saba haikuwamo.

"Zimebaki hizi tu?" akauliza Kudra, kwa sauti ndogo.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Saada alimtazama yule binti, akatazama miguu yake yenye vumbi ndani ya ndala zilizotofautiana rangi, na lile jibu likagoma kutoka. Thelathini na saba zilikuwa mbili, alizipanga mwenyewe asubuhi, juu kabisa ndani ya boksi, na kifuniko kilikuwa kinalalamika chini yake.

"Subiri, mwanangu," akasema, akainuka.

Walipoona boksi linafunguliwa, watu wakapiga mbinja. Saada akawaambia wasisukumane, zipo, kila mmoja aseme namba yake, bei ni ya dukani. Hadi adhuhuri turubai lilikuwa tupu. Akalikunja, akaenda kwa wachoma nyama, akaagiza mbavu za mbuzi na ugali, akala bila haraka, huku akitunga kichwani barua ya kuwaeleza watu wa Dar kwa nini sita za mwezi zimekuwa ishirini za siku moja. Alianza upya mara tatu, na kila mara alijikuta anacheka kabla ya kufika kwenye jina lake.