Chakula cha Mkaguzi

Mume aliyeondoka kwa miguu yake alirudishwa kwa teksi, amekaa kiti cha nyuma kama mzigo uliofungwa vibaya, mdomo umekwenda upande. Mwenye nyumba, mshonaji wa sare za shule ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amesimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. Hakusogea kusaidia. Alimwacha binti yake mkubwa, muuguzi, amshushe baba yake peke yake.

"Wiki mbili tu, mama," binti alisema huku akihema. "Mpaka nipate mtu wa kukaa naye. Zamu zangu unazijua, na kaka yuko safarini na lori lake."

"Na yule aliyemchukua?"

"Mama Pacha? Alirudi kwao wiki ileile baba alipopooza. Mama, sina wa kumwambia ila wewe."

Fundi alimtazama yule mzee. Miaka kumi na tisa tangu aondoke. Enzi zake alikuwa mkaguzi wa shule, na jina la Mkaguzi lilimganda kwa sababu nyumbani alikagua kuliko kazini. Alikagua vumbi juu ya kabati, akakagua maji ya kuoga, na zaidi ya yote alikagua sahani. Siku moja alimrudishia mkewe sahani ya samaki mbele ya wageni. "Huyu samaki amekufa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza majini, mara ya pili jikoni kwako." Wageni walicheka. Fundi naye alicheka, maana angefanyaje? Haikupita miezi miwili, mume akafunga sanduku lake akatoka, watoto wakiwa mezani wanafanya hesabu za shule. Sababu hakuitaja. Tangu siku hiyo Fundi alilala na swali moja na kuamka nalo: nilimkosea nini?

"Wiki mbili," alisema.

Kabla ya kuondoka binti alimwachia karatasi ya daktari. Samaki mweupe, mafuta kidogo. Nafaka isiyokobolewa. Mboga za majani kwa wingi. Chumvi chembe tu. Fundi aliisoma, akaguna, akaenda sokoni.

Jioni aliingia jikoni. Hakupika kwa mapenzi. Alipika kama anavyoshona, maana hata mteja usiyempenda humharibii kitambaa. Mtama alikuwa ameuloweka tangu mchana. Aliuchemsha mpaka punje zikapasuka bila kugeuka uji. Mchicha aliukatakata, akautia kwenye sufuria yenye kitunguu saumu na tone la mafuta, akauepua ungali kijani. Halafu akaja kwa samaki, minofu miwili ya chewa, minene, myeupe kama karatasi. Aliikausha kwa kitambaa pande zote, akangoja kikaango kipate moto hasa, kisha akailaza upande wa ngozi. Ikalia chwaa.

Hapo ndipo alipokuwa akikosea zamani. Alikuwa mke mchanga, anaogopa kuunguza, na hofu hiyo ilimfanya amchokonoe samaki kabla ya wakati wake. Samaki akashika chini, akatoka vipandevipande. Hakuna aliyemwelekeza. Alikuja kujifunza mwenyewe, mume keshaondoka, akiwapikia watoto ambao hawakukagua chochote: usimguse, akiwa tayari ataachia mwenyewe. Basi akangoja, mikono kiunoni. Alipopitisha mwiko, mnofu uliinuka mzima, ngozi imekuwa rangi ya mkate. Akageuza, akahesabu dakika moja, akakamulia ndimu.

Alimchambulia miiba, akamwekea kijiko katika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Mkaguzi alikula polepole. Punje za mtama zilimdondoka kidevuni na Fundi akampangusa bila kusema. Katikati ya sahani mzee akasimamisha kijiko, akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Moyo wa Fundi ulimruka, na aliona aibu kwamba umeruka. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa bado anangoja neno.

"Mama Pacha," mzee alisema, maneno yakitoka yamelowa. "Mkono wako hauna mfano."

Fundi alibaki na kitambaa hewani.

"Yule wa kwanza," mzee aliendelea, "samaki alikuwa akimvuruga... kama anatafuta sindano ndani." Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Angeweza kumsahihisha. Angeweza hata kumwagia sahani mapajani. Badala yake alivuta kiti akakaa, kwa kuwa aliona nafasi ambayo hakuwahi kuiota: swali lake liko mezani, na mwenye jibu hajui anayeuliza.

"Alikuwaje huyo wa kwanza?"

"Mpole. Alikuwa akishona, akishona... Hakuwa na neno na mtu."

"Sasa alikukosea nini mpaka ukamwacha?"

Mkaguzi alifikiri. Alifikiri kwelikweli, paji limekunjana, macho kwenye dari, na Fundi alishika ukingo wa meza kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Sikumbuki," alisema mwishowe. Akakwangua sahani. "Samaki mwingine yupo?"

Kikaangoni kulikuwa na mnofu wa pili, sehemu ya Fundi mwenyewe.

"Hakuna," alimjibu.

Akaenda jikoni, akaula wote amesimama, kwa vidole, mlango wazi ili mzee amwone. Hakuwahi kupika samaki mzuri kama yule, na mnofu ulimshuka kooni kama shubiri.

Asubuhi alimpigia binti simu. "Njoo umchukue baba yako."

"Amefanya nini, mama?"

Aeleze nini? Kwamba mgonjwa amesahau? "Hajafanya kitu. Njoo tu."

"Siku moja, mama! Mtu hata chooni hawezi kwenda mwenyewe. Ni moyo gani huo?"

"Ndio aliouacha."

Binti alikuja na sare ya kazi mwilini, macho mekundu kwa zamu. Hakugombana. Alikusanya dawa, akamvisha baba yake viatu, na alipofika kizingitini akageuka. "Nilidhani angalau ungefanya kwa ajili yangu." Fundi alikuwa na jibu alilolifuga miaka kumi na tisa, lakini halikuwa la mtoto huyu.

Mkaguzi hata hakujua kwamba amefukuzwa. Huko kwa binti alikopelekwa alikula, akalala, siku nyingine aliimba. Aliyeumia ni binti. Alichukua likizo, likizo ikaisha. Akaomba zamu za mchana, akanyimwa. Mwishowe akaacha uuguzi, kazi ambayo mama yake alipinda mgongo kwenye cherehani ili aisomee. Habari hizo Fundi alizipata kwa jirani.

Miezi mitatu baadaye alishindwa kuvumilia, akaenda. Binti alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda, nywele hazijaguswa na kitana, mikono inanuka sabuni.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Kutoka ndani sauti iliyolowa iliita, "Mama Pacha! Mama Pacha!"

"Nakuja, baba," binti aliitikia.

Fundi alishika mwimo wa mlango. "Hata wewe anakuita hivyo?"

"Anamwita hivyo kila anayemlisha. Hata kaka alipokuja, alikuwa Mama Pacha." Binti alimtazama mama yake usoni, akatulia, akaelewa. "Ndiyo sababu? Mama, ndiyo sababu ulinirudishia baba?"

Fundi alitaka kusimulia habari ya swali, na jinsi mzee alivyotazama dari, na lile neno moja alilolipata. Lakini pale mlangoni, mbele ya ile mikono iliyochubuka, yote yalionekana madogo, hayajazi kiganja.

"Naweza kuingia nikusaidie?" aliuliza.

"Ungeingia siku ile," binti alisema, tena bila hasira, kwa uchovu tu. "Karibu siku nyingine, mama."

Mlango ukafungwa kwa komeo. Fundi alisimama barazani kitambo, akisikiliza kijiko kikigonga sahani na sauti ya binti ikibembeleza, fungua mdomo baba, kidogo tu. Kisha akashuka ngazi, akarudi kwa sare za watoto wa watu.